Gitaa linapokwaruza kanisani
Kikasha kinachovuka Mpondwe ni kidogo, lakini ugomvi kinaoweza kuufikisha Karusandara si mdogo

BWERA, KASESE – Mfanyabiashara anayevuka mto Lubiriha, kati ya Kasindi upande wa Kongo na Mpondwe upande wa Uganda, amezoea kutumwa vitu. Huyu anataka vitenge, yule mafuta ya mawese, mwingine betri ya sola. Kijana wa timu ya sifa naye ana lake: kikasha cha chuma, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, chenye tundu mbili za waya, vifundo viwili au vitatu na kitufe kikubwa cha kukanyaga. Kwa wapiga gitaa kinaitwa fazi.

Kazi yake ni moja. Gitaa la umeme huchomekwa ndani yake, kisha waya mwingine hutoka kwenda kwenye amplifaya. Mpigaji akikanyaga kitufe, sauti safi hunenepa na kukwaruza, ikavuma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Akikanyaga tena, usafi wa gitaa hurudi.

Kijana ameisikia sauti hiyo katika nyimbo za kuabudu anazotazama kwenye simu, na kwake ni sauti ya nguvu. Mzee anayeketi mbele ya spika naye ana jina jingine la sauti hiyo: spika imepasuka. Kwa kikundi cha kanisa cha Karusandara, kwenye uwanda wa joto chini ya milima ya Rwenzori, fedha za kununua kikasha hicho hutoka kwenye michango ya waumini. Kikileta ugomvi, au kikifa mwezi wa pili, lawama haitaishia kwa mpiga gitaa. Itamfuata na aliyekibeba kutoka ng'ambo.

Ndiyo maana inafaa mfanyabiashara ajue anabeba nini.

Ubovu uliogeuzwa chombo

Mzee anayesema spika imepasuka hayuko mbali na ukweli. Historia ya mlio huu ni historia ya vifaa vibovu.

Mwaka 1961, mjini Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alitoa wimbo uitwao Don't Worry. Wakati wa kuurekodi, mpigaji Grady Martin alikuwa akipiga sehemu yake ya gitaa la besi huku kifaa kimoja ndani ya mashine ya kuchanganya sauti kikiwa na hitilafu. Sauti ikatoka imekwaruzika vibaya. Badala ya kuifuta, waliiacha, na wasikilizaji wakaipenda. Fundi mitambo wa studio hiyo, Glenn Snoddy, alichunguza hitilafu ile, akatengeneza kifaa cha kuifanya kwa makusudi na kukipeleka kwa kampuni ya magitaa ya Gibson. Mwaka 1962 kikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Hakikutikisa soko hadi mwaka 1965, Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alipokitumia katika wimbo Satisfaction.

Kinachotokea ndani ya kikasha si uchawi. Uzi wa gitaa ukitikisika, umeme wake hupanda na kushuka kwa ulaini, kama vilima vya mviringo. Transista za fazi huusukuma umeme huo kupita kiasi mpaka vilele vinakatwa na kubaki bapa, kama nyasi zilizofyekwa kwa panga. Katika ukataji huo huzaliwa milio mingine ya juu ambayo kidole hakikuipiga. Milio hiyo ndiyo mkwaruzo.

Amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho ili isikike uwanja mzima hufanya jambo hilohilo. Kipaza sauti cha mkutano wa injili wa barabarani, kilichobebeshwa mzigo kisichouweza, hukwaruza pia. Kwa hiyo mkwaruzo si mgeni katika ibada za ukanda huu. Mara nyingi hutokea bila kuitwa, na hakuna kitufe cha kuuzima. Fazi imeweka mkwaruzo chini ya mguu wa mtu, na mtu huyo anaweza kuulizwa kwa nini amekanyaga.

Kongo na Zambia walianza zamani

Anayedhani sauti hii ni ya Wazungu pekee atazame Kinshasa. Katika miaka ya 1960, Mawangu Mingiedi alianzisha kundi lililokuja kujulikana kama Konono No. 1. Walipiga muziki wa jadi wa Wazombo, watu ambao mpaka wa Kongo na Angola umewagawa, sawa na mpaka wa Mpondwe ulivyowagawa Wakonzo wa Kasese na ndugu zao Wanande wa Beni na Butembo. Chombo chao kikuu kilikuwa likembe, kile kinanda kidogo cha vidole chenye ulimi wa chuma.

Likembe haikuweza kushindana na kelele za jiji. Wakatumia sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari makuukuu, wakajitengenezea vinasa sauti na kupitisha mlio kwenye amplifaya na vipaza sauti vya kienyeji. Ukatoka umekwaruzika. Nao hawakuona haya, wakaufanya mkwaruzo kuwa sehemu ya muziki. Albamu yao Congotronics, iliyotoka mwaka 2004, iliwapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Kusini zaidi, kwenye nchi ya shaba ya Zambia, vijana wa miaka ya 1970 walijaza fazi kwenye muziki uliokuja kuitwa Zamrock. Makundi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family yaliimba kwa Kiingereza na kwa lugha za nyumbani huku gitaa likivuma. Kiongozi wa WITCH, Emmanuel Chanda anayejulikana kama Jagari, baadaye aliokoka na kwa miaka mingi akafanya kazi ya kuchimba vito. Uzeeni alirudi jukwaani, na filamu kuhusu maisha yake na kundi lake ikatolewa mwaka 2021.

Hivyo mkwaruzo una makazi Afrika. Linalobaki ni kama una makazi pia ndani ya nyumba ya ibada.

Mama aliyepiga gitaa la injili

Jibu la mwanzo kabisa lilitoka kwa mwanamke. Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa mwaka 1915 huko Arkansas, Marekani, alilelewa katika kanisa la Kipentekoste, mamake akiwa mhubiri. Alipiga gitaa la umeme kwa ukali, amplifaya ikikwaruza, miaka mingi kabla kikasha cha fazi hakijauzwa. Alipoimba nyimbo za injili kwenye kumbi za starehe, watu wa kanisa walimlaumu. Mwaka 1964 alipiga gitaa kwenye kituo cha treni kilichofungwa jijini Manchester, Uingereza, mbele ya kamera za televisheni, na picha hizo zinatazamwa hadi leo. Wengi waliokuja kuitwa mababa wa muziki wa roki walijifunza kwake.

Marekani hiyohiyo kuna makanisa ya Wamarekani Weusi ambayo, tangu miaka ya 1930, gitaa la chuma linalolazwa na kupigwa kwa kuteleza ndilo huongoza ibada mahali pa kinanda. Katika makanisa hayo gitaa hulia na kujibu mahubiri kama mtu. Robert Randolph, mmoja wa wapigaji waliokulia humo, ameupeleka mlio huo, pamoja na mkwaruzo wake, kwenye kumbi kubwa za muziki.

Wakatoliki nao wana kipimo chao. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya mwaka 1963, ilikitukuza kinanda cha mabomba, lakini ikaruhusu vyombo vingine viingie kwa idhini ya mamlaka ya kanisa la mahali, mradi vinafaa kwa matumizi matakatifu na vinawajenga waumini. Hati haikuorodhesha vyombo vilivyolaaniwa, ikawaachia watu wa mahali wapime.

Katika makanisa ya kiroho, wanaotetea gitaa hukimbilia Zaburi ya 150, yenye tarumbeta, nyuzi na matoazi. Wanaopinga hufungua barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 14, inayosisitiza kwamba kinachosemwa kanisani kieleweke. Pande zote mbili zinasoma Biblia moja. Ajabu ni kwamba andiko la wapinzani ndilo linalompa mpiga gitaa mwongozo mzuri zaidi.

Fazi na sebene haviivi chungu kimoja

Sauti ya Kongo inayovuka Kasindi kila siku kwenye simu, kwenye magari na kwenye kwaya ni ya gitaa safi. Katika sebene, pale maneno yanapopumzika na magitaa kushika usukani, kila gitaa lina kazi yake: la kusindikiza, la mi-solo, la solo, na besi chini. Noti ni nyingi, zinakimbia, na mara nyingi mpigaji hupiga mbili kwa pamoja ili ziimbe kama sauti ya kwanza na ya pili ya kwaya. Utamu wake uko katika kuisikia kila noti peke yake.

Fazi huua utamu huo. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye kikasha, hutoka na noti nyingine za tatu na nne ambazo hakuna aliyezipiga. Kama mbili za mwanzo zinapatana sana, mfano do na so, zile za ziada hukaa vizuri na mlio huwa mnene. Kama ni do na mi, ambazo sebene inazipenda, za ziada huanza kugombana. Kodi kamili ya nyuzi sita hugeuka tope.

Mpigaji anayekanyaga fazi katikati ya sebene atasikia mlio umechafuka na huenda akadhani ameuziwa kikasha kibovu. Kikasha ni kizima, mahali alipokitumia ndipo hapakifai.

Mahali pa fazi ni penye noti moja moja na ndefu. Katika wimbo wa taratibu wa kuabudu, kwaya inapomaliza ubeti na kuvuta pumzi, gitaa linaweza kushika noti moja na kuivuta. Fazi huifanya noti idumu, ikilia karibu kama zeze au kama mtu anayelia kwa sauti. Kazi hiyo gitaa safi haliiwezi, kwa sababu noti yake hufa mapema.

Maneno yasizame

Hatari kubwa zaidi ni kwa waimbaji. Milio ya juu inayozaliwa ndani ya fazi huangukia palepale sikio linapotafuta herufi kama s, t na k, zile zinazotenganisha neno na neno. Gitaa likivuma wakati kwaya inaimba, mwumini atasikia wimbo lakini hatasikia unasema nini.

Kasese hilo si jambo dogo. Ibada moja inaweza kukusanya watu wa Lukonzo, Rutooro, Runyankole na Kiswahili, na mgeni kutoka Beni anayefuata kwa Kiswahili cha Kongo. Mtu anayesikiliza wimbo kwa lugha yake ya pili au ya tatu anahitaji kila herufi. Mwenye lugha yake hujazia neno lililopotea kwa mazoea, na mgeni hana mazoea hayo. Kikasha kikitumiwa ovyo, wa kwanza kuachwa nje ya ibada ni mtu wa kutoka ng'ambo.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu shilingi wala faranga. Fazi ikanyagwe pale tu ambapo hakuna anayeimba. Mpiga kinanda aondoe mkono wa kushoto gitaa linapovuma, maana wawili hao hupigania nafasi moja. Na amplifaya isielekezwe masikioni mwa benchi la mbele.

Kuna hila nyingine ambayo wapigaji wa zamani wanaijua. Fazi nyingi husikiliza kifundo cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe. Ukikirudisha nyuma kidogo, mkwaruzo hupungua na mlio hukaribia usafi, bila kugusa kikasha. Mpigaji mwenye mkono mtulivu anaweza kuongoza ibada nzima kwa kifundo hicho.

Joto la uwandani

Sasa turudi kwa mfanyabiashara, kwa sababu vikasha hivi havifanani, na tofauti moja ina uzito wa pekee Kasese.

Fazi za kwanza, na zinazotengenezwa leo kwa kuiga zile za kale kama Fuzz Face ya mwaka 1966, hutumia transista za jermaniamu. Wapigaji huzisifu kwa mlio laini. Lakini jermaniamu haipendi joto: hali ya hewa ikipanda, umeme ndani yake huanza kuvuja, mlio hubadilika, na wakati mwingine hukatikakatika. Katika jumba la mabati kwenye uwanda wa Karusandara, saa saba mchana, kikasha kilichosikika vizuri asubuhi ya baridi milimani kinaweza kugoma katikati ya wimbo.

Aina ya pili hutumia transista za silikoni. Mlio wake ni mkali zaidi, lakini joto haliutikisi sana. Kwa anayenunulia kanisa la uwandani, silikoni ndiyo salama. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. Asipojua, tafuta anayejua.

Jambo la pili ni umeme. Fazi hula umeme kidogo sana, na betri moja ya volti 9, ile ya mraba, huweza kuhudumu kwa ibada nyingi. Kosa linaloimaliza ni kuacha waya wa gitaa umechomekwa. Katika vikasha vingi vinavyotumia betri, kuchomeka waya huo ndiko huwasha saketi, hata kama kitufe hakijakanyagwa. Ibada ikiisha, chomoa.

Anayetaka kutumia adapta achunguze alama ya chanya na hasi. Vikasha vingi vya siku hizi huweka hasi katikati ya plagi, lakini baadhi ya vile vya jermaniamu hugeuza mpangilio. Ukivichomeka kwenye adapta moja na vikasha vingine, unaweza kuviharibu vyote au kuzalisha mvumo usiokoma. Pale umeme unapotoka kwa jenereta, betri mara nyingi huleta utulivu zaidi, kwa sababu fazi hukuza kila kinachoingia, pamoja na mvumo wa waya mbovu na wa taa za mirija.

Mpakani usidanganyike

Wengi wanaovuka Mpondwe wameufahamu Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Kongo iliposaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, wengi walitarajia kila kitu kitapita kwa wepesi huo.

Siri iko kwenye neno asili. Nafuu hiyo ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kikasha kilichotengenezwa China, Japani au Marekani hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa sababu kimenunuliwa Kampala au Butembo. Ushuru wake ni wa bidhaa ya kutoka nje, hata kama thamani yake ni ndogo. Beba risiti inayoonyesha bei ya kweli, na usikifiche ndani ya marobota ya vitenge. Kikikutwa, unaweza kupoteza kikasha na kuchelewesha vitenge vyote.

Mwanamuziki anayevuka na gitaa lake kwenda kuhudumu kwenye mkutano wa injili na kurudi nalo yuko katika hali nyingine. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatambua vitu vinavyoingia kwa muda na kutoka tena. Jambo la busara ni kuvitaja vyombo mapema kwa maofisa wa pande zote mbili na kuwa na orodha yenye namba za kila chombo, ili siku ya kurudi asiambiwe anaingiza bidhaa mpya.

Kabla michango haijatoka

Fazi haimfanyi mtu kuwa mpigaji. Asiyeweza kushika noti moja ikatulia kwenye gitaa safi, kikasha kitatangaza tu udhaifu wake kwa sauti kubwa zaidi. Kikundi chenye fedha kidogo na spika iliyopasuka kianze na spika, kwa kuwa fazi ikipita kwenye spika mbovu hakuna atakayejua kipi ni makusudi na kipi ni hitilafu.

Kama bado wanakitaka, mwenye biashara na kikundi wakubaliane jambo moja kabla ya pesa kubadilisha mikono: kijaribiwe kwanza. Si dukani, bali kanisani, siku ya mazoezi, mchana wa jua kali, kwaya ikiwa imesimama mahali pake. Mmoja wa akina mama aketi benchi la nyuma kabisa. Wimbo ukiisha, asiulizwe kama ameupenda mlio. Aulizwe ubeti wa pili ulisema nini.

Akiweza kuurudia, kikasha kibaki. Akishindwa, kirudi Bwera na mwenyewe.